Kipandio Kisichokanyagwa

Katika nyumba ile ya ghorofa moja alikaa mpangaji mmoja asiyelipa kodi. Hakuwa na kazi, hakuwa na mgeni, wala hakuwahi kugombana na mtu. Kila aliyepita alimpisha, mkubwa kwa mdogo. Ukitegewa kitendawili hicho utahangaika bure kutafuta mtu, maana hakuwa mtu. Alikuwa kipandio cha tatu kutoka chini, katika ngazi ya mbao iliyowapeleka wapangaji wa juu vyumbani mwao. Ubao wake ulikuwa umeoza katikati. Mchwa walikula wakashiba, mvua ikamalizia makombo. Wapangaji walimpa jina la Mheshimiwa, kwa sababu hafanyi kazi yoyote na hakuna wa kumgusa.

Kumruka Mheshimiwa ndiyo ilikuwa elimu ya kwanza ya nyumba ile. Mtoto aliruka kabla hajajua kuomba maji. Mwanamke mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni aliruka bila kumwaga tone. Mlevi wa chumba cha mwisho alirudi hajui jina lake, lakini mguu wake ulikuwa na akili timamu: mkono ulikwenda wenyewe kwenye nguzo ya kushoto, mguu ukanyanyuka, huyo akapita. Nguzo yenyewe ilikuwa imelainika pale mikono iliposhika, inang'aa kama kisigino cha bibi harusi.

Mwenye nyumba naye walimbandika jina. Walimwita Bwana Subira. Akiambiwa bomba linavuja, "Subirini." Akiambiwa paa limetoboka, "Subirini, kwani mvua inanyesha leo?" Akiambiwa ngazi, alitikisa kichwa kwa huruma kana kwamba ngazi ni ya serikali. Kitu kimoja tu hakikuijua subira, nacho ni kodi. Hiyo aliifuata mwenyewe, chumba kwa chumba, juu na chini, kila mwisho wa mwezi, suruali yake imepigwa pasi mpaka ukadhani itamkata mtu.

Chumba cha kwanza juu walikaa Fundi Viatu na mkewe. Fundi alishona viatu barazani, mlangoni kabisa pa nyumba, mdomo umejaa misumari midogo, jambo lililomsaidia sana kukaa kimya. Mkewe alikuwa dobi. Alifua nyuma ya nyumba na kupiga pasi juu, ukumbini, penye ngazi, kwa pasi ya mkaa. Mdomo wake haukuwa na misumari.

*

Siku moja mama yake Fundi alifika kutembea. Alikuwa mfinyanzi wa huko kwao, mwanamke mfupi, mzito wa kiasi chake, mwenye nyayo pana zilizokanyaga udongo wa vyungu tangu hajaolewa. Alikuja kuwaona wajukuu kabla msimu wa kuchoma vyungu haujaanza. Alimsalimu mwanawe barazani, akakataa kupokewa kikapu, akaanza kupanda.

Juu, Dobi alikuwa ameinamia shati jeupe la mteja. Aliposikia hatua za mama mkwe, alipiga kelele bila kuinua kichwa, kama alivyowapigia wageni wote:

"Mama, ruka hapo!"

Bibi akasimama. "Unasemaje, mkwe?"

"Ruka, mama! Hicho kinachofuata, kiruke!"

"Mimi niruke?"

Kinyozi, aliyekuwa na duka lake chini, akatoa kichwa nje. Nyuma yake mteja naye akatoa kichwa, nusu kimenyolewa, nusu bado. "Bibi, sisi sote hapo tunaruka," alisema Kinyozi kwa upole. "Ndiyo desturi ya hapa. Shika nguzo, nyanyua mguu, hop!"

"Rukeni nyinyi mliozoea," alisema Bibi. "Mimi mtu mzima, nimekuja kwa mwanangu, niruke mbele ya mkwe wangu na kadamnasi nzima? Mimi chura? Mguu wangu huu kazi yake ni kukanyaga."

Akakanyaga.

Mheshimiwa, aliyekaa miaka bila kufanya kazi, siku hiyo alifanya. Ubao ulitoa mlio kama muwa unaovunjwa, mguu wa Bibi ukazama mpaka gotini, mwili ukaenda upande wake na mguu ukabaki upande wake. Kikapu kilishuka ngazi peke yake. Dobi alitupa pasi, akakimbia chini, na kwa mazoea yake akaruka pale pale mama mkwe wake alipokuwa amekwama. Alitua chini salama, akageuka, ndipo akaanza kulia.

*

Waliporudi kutoka hospitali, mguu wa Bibi umefungwa plasta, nyumba nzima ilishakaa kikao cha kutafuta mwenye kosa. Haina budi kusemwa kwamba walitafuta kwa bidii.

Mmoja alisema kosa ni la ndara za Bibi. Mwingine alisema ni kikapu. Mlevi wa chumba cha mwisho alisema ni macho, maana uzee ni maradhi. Wote walikubaliana kwamba Mheshimiwa hana neno, kwa sababu tabia yake inajulikana.

Ndani, Fundi alitema misumari.

"Ni wewe," alimwambia mkewe. "Mama mzima unamwambia ruka, kama unamwita mbuzi. Ungemwambia, 'Tafadhali mama, pita pembeni.'"

"Pembeni wapi? Ngazi ile ina pembeni?"

"Ungeshuka ukamshika mkono."

"Na wewe uliyekaa chini mlangoni, mikono yako ilikuwa ya kukodi? Mama yako amekupita puani, umemwachia kikapu na yeye mwenyewe!"

"Alikataa kupokewa!"

"Na kuruka alikataa. Basi tuseme ni kosa lake, tulale."

Wakanyamaza, maana mwenye kosa alikuwa amelala pale pale mkekani na masikio yake hayakuvunjika.

Kesho yake akaja mwenye shati. Pasi iliyotupwa ilikuwa imelala juu ya mgongo wa shati lake na kuacha tundu lenye ukingo wa kahawia, limechongoka vizuri, kama mtumbwi. Mwenye shati hakupandisha sauti. Alilikunjua tu, akaliinua juu dirishani ili jua lipite kwenye tundu, akamtazama Dobi kupitia tundu hilo. Dobi hakubisha. Aliingia ndani, akafungua fundo la khanga yake, akalipa. Mteja akahesabu mbele yake, akaondoka, na nguo zake nyingine akazibeba.

Bibi aliyaona yote hayo kutoka mkekani.

"Mkwe," aliita. "Njoo nikutegee."

"Mama, leo sina moyo wa vitendawili."

"Hiki chepesi. Shati umelilipa kwa nini?"

"Si nimeliunguza?"

"Ulikusudia?"

"Mama, nilikuwa nakimbilia wewe!"

"Kwa hiyo hukukusudia, na ulikuwa unafanya wema, na bado umelipa. Kwa nini?"

Dobi akafikiri. "Kwa sababu limeungulia mkononi mwangu. Mtu akikuachia kitu chake, ukakichukulia pesa, kikiharibika ni juu yako. Dobi gani asiyejua hilo?"

"Ahaa," alisema Bibi, akaisogeza plasta yake. "Sasa nitegulie na cha pili. Mimi nimevunjikia mkononi mwa nani?"

Dobi akamtazama mumewe. Fundi akatazama misumari yake. Kwa mara ya kwanza tangu ajali, hapakuwa na mtu chumbani wa kulaumiwa.

*

Bwana Subira alikuja mwisho wa mwezi, kama kawaida ya mwezi. Alipanda juu, akasimama mlangoni, akapokea salamu za Fundi na kuzipokea tena za jirani. Bibi alikuwa mkekani, usawa wa viatu vyake. Bwana Subira alikuwa na umri wa kuzaliwa na Bibi, tena si mtoto wa kwanza. Bibi alisubiri shikamoo. Shikamoo haikuja.

"Huyu ndiye aliyeanguka?" alimwuliza Fundi, kama anayeuliza gunia la nani.

"Ndiye mama yangu, bwana. Ule ubao ulikuwa mbovu."

"Mbovu? Nani aliniambia?"

"Tulikwambia, bwana. Sote."

"Mliniambia mimi? Mbele ya nani?" Bwana Subira alicheka kidogo. "Fundi, usinitie maneno. Mimi na ngazi zenu wapi na wapi? Nikija hapa nakuja kuwajulia hali, naondoka. Hata ukiniuliza ngazi ina vipandio vingapi, sijui. Ningejua ni kibovu si ningetengeneza?"

Mlevi alikohoa mahali fulani.

"Na kusema kweli," aliendelea Bwana Subira, "mimi ndiye wa kulalamika. Ubao ulikuwepo, sasa haupo. Nani kauvunja? Si mimi. Lakini mimi sina roho mbaya. Nitautia kwenye kodi ya mwezi ujao, kidogo kidogo, msisikie uchungu."

Fundi alimlipa kodi kwa mikono miwili, akasema ahsante. Alipogeuka alimkuta mkewe anamtazama. Kuna matusi yanayotamkwa na kuna matusi yanayotazamwa, na lile lilikuwa refu.

"Ulitaka nifanyeje?" alinong'ona. "Atutoe nje, mama tumlaze wapi?"

"Mwanangu," alisema Bibi, "yule kijana hana mama?"

"Anaye, nadhani."

"Basi anajua shikamoo. Kaninyima kusudi."

Hilo ndilo lililomuuma kuliko mfupa. Lakini mfupa nao ulikuwa na lake. Walipomrudisha hospitali plasta ikatwe, daktari aliinua picha, akaguna. Mfupa umeunga upande. Lazima ufunguliwe, unyooshwe, utiwe chuma. Na chuma hakiingii mguuni kabla fedha haijaingia dirisha la malipo.

"Nisipotiwa?" aliuliza Bibi.

"Utatembea kwa magongo, mama. Kuchuchumaa usahau. Kukanyaga udongo usahau kabisa."

Walimrudisha nyumbani. Alipolazwa tena mkekani, alizitazama nyayo zake, mmoja umesimama, mmoja umelala upande kama mtoto aliyenuna.

"Mfinyanzi asiyekanyaga udongo ni nini?" aliuliza.

Hakuwangoja wategue.

"Ni mla vyakula vya watu," alijijibu. "Nipelekeni mahakamani."

*

Kwa kuwa hakuweza kukaa kwenye benchi, Kinyozi alikitoa kiti chake cha kazi, kile cha chuma kinachozunguka. Walimbeba nacho wanaume wanne barabarani, mchana kweupe, na watu walisimama kuuliza ni harusi au ni mgonjwa. Ndani ya mahakama kiti kilipendeza kuliko cha hakimu. Tena kila aliyeongea, Bibi alijizungusha akamtazama usoni. Wakili wa Bwana Subira, kijana mwenye karatasi nyingi na jasho jingi, alizungukiwa mara tatu kabla hajamaliza kujitambulisha.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, miwani puani, asiyependa maneno marefu. Alimwita Kinyozi kutoa ushahidi.

"Nani alimvunja mama huyu?"

"Mheshimiwa, ni Mheshimiwa."

"Nani?"

"Mheshimiwa, Mheshimiwa. Yule hafanyi kazi, mheshimiwa, na hatumgusi."

Karani aliacha kuandika. Ilichukua muda mpaka ikaeleweka kwamba hakuna aliyemtukana mtu, ni jina la ubao.

Kisha akasimama Wakili. "Mheshimiwa hakimu, tuna majibu matatu. La kwanza, kipandio kile hakikuwa kibovu hata siku moja. La pili, kama kilikuwa kibovu, mteja wangu hakujua. La tatu, kama alijua, bibi huyu alionywa kwa sauti kubwa, tena na mkwe wake mwenyewe, akakataa kuruka kwa kiburi."

Bibi akazunguka. "Mwanangu, nikikuazima chungu ukanirudishia kigae, utaniambia hukukiazima, tena ulikirudisha kizima, tena nilikupa kimepasuka?"

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza, lakini si kwa nguvu sana.

"Mama, utapata zamu yako. Wakili, chagua. Mteja wako alijua au hakujua?"

"Hakujua, mheshimiwa. Naapa kwa niaba yake."

Bwana Subira alisimama akaapa na kwa niaba yake mwenyewe: hakuna aliyewahi kumwambia, hakuwahi kuona, ngazi ile ni nzima hata leo, na mtu akitaka akaiangalie.

Alisema "hata leo" kwa raha ya mtu aliyetoka kuongea na seremala.

"Nitaiangalia," alisema Hakimu. "Kesho asubuhi. Pande zote mbili muwepo."

*

Waliporudi nyumbani jioni, Mheshimiwa alikuwa amefufuka. Seremala alikuwa amekuja na kuondoka. Ubao mpya, mnene, umepigiliwa barabara, kisha ukapakwa masizi na oili chafu mpaka ukafanana na wenzake kama mapacha. Hata mikwaruzo ilitiwa.

Miaka yote wapangaji wale waliomba kipandio kitengenezwe. Sasa kimetengenezwa, na walisimama chini ya ngazi kama watu waliofiwa.

"Tumekwisha," alisema Fundi.

"Kigumu?" aliuliza Dobi.

Kinyozi akaenda kujaribu. Alishika nguzo, akanyanyua mguu, akajikuta amesimama kipandio cha nne. Akashuka, akajaribu tena. Cha nne.

"Mguu unakataa," alisema kwa aibu.

Ilibidi akiguse kwa mkono, kama anayempima mtoto homa. "Kigumu," alisema. "Kigumu kama mwenye nyumba."

Asubuhi Hakimu alifika na karani wake. Bibi alikuwa juu, ameketishwa kwenye kiti cha Kinyozi pale penye pasi, mguu umenyooshwa mbele. Bwana Subira alikuwa chini na Wakili, suruali kama kisu.

Hakimu alipanda mwenyewe, taratibu. Kwenye kipandio cha tatu alisimama, akajibonyeza kwa miguu yote miwili. Kimya. Ubao haukutoa hata pumzi.

"Kizima," alisema, akashuka.

"Kimetiwa jana, mheshimiwa!" alilalamika Dobi.

"Nani aliona?"

Hakuna aliyeona; wote walikuwa mahakamani. Seremala hajulikani aliko. Wakati huo mwanamke mmoja alipanda na ndoo, akashika nguzo, akaruka. Watoto wawili walishuka, hop, hop. Mlevi alipita akielekea dukani, akaruka kwa adabu. Hakimu aliwatazama mmoja mmoja juu ya miwani.

"Mbona wote wanaruka kipandio kizima?"

Wakili alikuwa tayari. "Mazoezi, mheshimiwa! Wamefundishwa jana usiku, kama watoto wa gwaride. Watu wanaotaka fedha wataruka hata baraza."

Neno hilo liliingia. Hakimu aliguna, akamwambia karani aandike. Fundi alikaa chini kwenye boksi lake la viatu na kuuficha uso. Dobi aliuma khanga. Juu, Bibi aliutazama mguu wake uliolala upande, na akajua kwamba ndio umeshahukumiwa.

Ikiwa ni hivyo, basi yalibaki yale mengine. Akaita kwa sauti ya kawaida, si ya hasira:

"Mwenye nyumba!"

Bwana Subira akainua kichwa.

"Mwanangu, kesi ni kesi na adabu ni adabu. Mwezi uliopita ulisimama mbele yangu hukunisalimu. Jana hukunisalimu. Leo tena umenipita kwa macho. Mguu umenivunja, sawa, umesema si wewe. Shikamoo nayo nimeivunja mimi?"

Hakimu akageuka kumtazama Bwana Subira kwa namna ambayo wanawake wa makamo huwatazama watoto wa wenzao. Bwana Subira akauona mtazamo huo, na akaona pia kwamba ushindi uko mkononi na unahitaji kupambwa kidogo tu. Uso wake ukajaa wema. Akafungua mikono.

"Mama yangu, utanisamehe, shughuli tu!" alisema, akianza kupanda, macho juu kwa Bibi, tabasamu limeenea. "Nami nina mama kama wewe. Ningejua kuna hatari nyumbani kwangu, wallahi, nisingelala. Lakini mtu utajuaje jambo ambalo hujawahi..."

Mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye nguzo, pale palipong'aa. Wa kulia ukaivuta suruali juu kidogo ya goti isikwaruzike. Mguu ukanyanyuka, ukapita juu ya kipandio cha tatu kwa ustadi usio na haraka, ukatua cha nne.

"...kuliona," alimalizia, akapanda mpaka juu, akainama. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu," alisema Bibi. "Umeruka vizuri."

Kalamu ya karani ilisikika ikianza kuandika. Wakili alikuwa akiangalia dari, ambayo nayo ilikuwa imetoboka.

"Mteja wangu," alisema hatimaye, "ana maumivu ya goti. Wakati mwingine huruka."

"Vipandio vingine hakuruka," alisema Hakimu.

"Goti, mheshimiwa, halina mpango."

"Bwana mwenye nyumba," aliita Hakimu, "hebu shuka. Taratibu. Usituchekeshe, shuka tu."

Bwana Subira alishuka, uso unamvuja jasho, akiwaza kesi, akiwaza wakili aliyemlipa, akiwaza kila kitu isipokuwa miguu yake. Alishika nguzo. Akaruka.

Mlevi, aliyekuwa amerudi kutoka dukani, alipiga makofi. "Mwenzetu huyo! Naye kafundishwa jana usiku?"

*

Hukumu ilisomwa wiki iliyofuata na haikuwa ndefu. Hakimu alisema aliuliza swali moja, nalo lilijibiwa mara mbili. Mdomo wa mwenye nyumba ulisema hakujua, na mguu wake ukasema alijua tena kwa miaka. Mdomo una wakili, mguu hauna. Mahakama imeusadiki mguu. Kuhusu onyo, alisema jirani anayekupigia kelele "ruka" anafanya wema wake, lakini wema wa jirani hautengenezi ubao wa mwenye nyumba, na hakuna sheria inayomlazimisha mwanamke mtu mzima kuruka ili afike chumbani kwa mwanawe. Bwana Subira alipe hospitali, alipe na msimu wa vyungu uliopotea.

Alilipa. Alisema "subirini" mara mbili, kisha akaja mtu wa mahakama aliyekuwa na haraka kuliko yeye.

Msiseme kwamba alibadilika. Mwezi ule ule alipandisha kodi, na alipoulizwa sababu alisema nyumba sasa ina ngazi nzima. Paa halikuguswa. Akija kukusanya kodi alikaa barazani kwa Fundi, akaita wapangaji wamshukie mmoja mmoja, maana ngazi ile hakutaka kuiona tena, na watoto walipata mchezo mpya: mmoja huvuta suruali juu ya goti, huruka, kisha huinama akasema, "Shikamoo, mama."

Bibi alitiwa chuma. Alijifunza kusimama ukumbini kwa kushikilia meza ya pasi, na Dobi alipiga pasi kwa mkono mmoja huku mwingine umezunguka kiuno cha mama mkwe wake. Walikuwa wakigombana kutwa, juu ya mkaa, juu ya wajukuu, juu ya namna ya kukunja shuka. Dobi hakusema tena "ruka". Siku moja tu alisema, akiwa ameipa mgongo meza, "Mama, siku ile ningeshuka." Bibi alimjibu, "Na shati la watu?" Wakaendelea kugombana.

Siku ya kuondoka, Bibi alikataa kubebwa kwa kiti cha Kinyozi. Alishika fimbo, akaanza kushuka, Dobi nyuma yake na kikapu kichwani. Safari hii Bibi alikubali kupokewa. Chini, watu wote walikuwa wametoka: Fundi amesimama na kiatu cha mtu mkononi, Kinyozi na mteja wake nusu kichwa, mlevi akiwa hajalewa bado kwa heshima ya safari.

Bibi alifika kipandio cha nne, akasimama. Akashusha fimbo kwenye cha tatu, akagonga, kama anayepiga hodi. Kisha akashusha mguu wa chuma, unyayo wote, kisigino na vidole. Akaleta na wa pili. Akasimama hapo juu ya Mheshimiwa, akatulia, akatazama huku na huku kama mtu aliyefika kwake.

"Mama, teremka, gari linangoja," alisema Fundi.

"Ngoja kwanza. Kila mtu kapalipia mahali pake pa kusimama. Mimi nimepalipia hapa."

Dobi, nyuma yake, alikuwa tayari ameshika nguzo na mguu u juu, tayari kuruka. Aliutazama ule mguu wake hewani, akautazama mgongo wa mama mkwe wake. Akaiachia nguzo. Akaushusha mguu polepole, akakanyaga.

Ubao ukawabeba wote wawili, na kikapu.